Damu ya nani, na ya siku ngapi? Historia ya mfuko unaoning'inia juu ya kitanda cha mwanao

SEHEMU YA 1: Swali lililonishinda

Mliniomba niandike kuhusu damu. Nimekaa nikaona siwezi kulimaliza kwa posti moja, kwa hiyo leo nitaweka sehemu saba. Chemsha chai, mlaze mtoto, tukae.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto, hospitali moja hapa Dar ambayo sitaitaja. Akaja mama kutoka Mbagala na mtoto wa miaka miwili. Malaria kali, viganja vyeupe kama karatasi, anahema kwa shida. Kipimo cha damu kilisoma 3.8. Wale mliowahi kulala wodini na mtoto mnajua namba hiyo maana yake nini.

Bahati nzuri maabara walikuwa na kundi lake. Mfuko ukaja. Mimi nafungua mpira, mama anasoma lebo. Akasoma tarehe ya kuchangiwa, akahesabu kwa vidole, akanishika mkono.

"Nesi, hii damu ina siku 26. Mimi nyama ya siku 26 simlishi mwanangu, hata ingekuwa kwenye friji. Halafu ni ya nani? Baba yake yuko hapo nje, mzima, hanywi, havuti. Mtoeni yeye."

Nikamwambia, "Mama, imepimwa hiyo, tuamini tu." Hakukubali. Tukabishana, akaitwa daktari, akaitwa shangazi. Zikapita kama dakika 40, na mtoto bado anahema vile vile. Mwisho akakubali kwa sababu alichoka, si kwa sababu alielewa. Mtoto aliongezewa damu, akaamka, siku ya nne wakarudi nyumbani. Mungu ni mwema.

Lakini mimi sikurudi nyumbani na amani. "Tuamini tu" si jibu. Mama aliuliza maswali mawili ya akili sana: damu hii ni ya nani, na ina siku ngapi? Na ukweli ni kwamba hata mimi moyoni niliamini damu ya siku nyingi ni duni. Nilikuwa nawaambia wenzangu wa maabara, "nichagulieni mbichi." Hakuna aliyekuwa amenifundisha hivyo. Nilijiaminisha tu.

Nikaanza kusoma. Kumbe maswali hayo mawili yana historia ya zaidi ya miaka 100, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa Afrika Mashariki.

SEHEMU YA 2: Damu ilianza kwa mama aliyejifungua

Watu wengi wanadhani kuongezewa damu kulianza vitani. Hapana. Aliyetusukuma mbele ni daktari wa uzazi. Aliitwa James Blundell, London, na alichoka kuona akina mama wanakufa kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Mwaka 1818 alifanya jaribio la kwanza la kumwekea mtu damu ya mtu mwenzake, na miaka iliyofuata akajaribu kwa akina mama waliokuwa wakipoteza damu nyingi. Baadhi walipona, wengine walikufa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1901. Karl Landsteiner, mjini Vienna, aligundua kwamba damu za watu zina makundi. Ukichanganya vibaya zinagandana. Ndiyo hizi A, B na O mnazoandikiwa kwenye kadi ya kliniki. La nne, AB, liliongezwa mwaka uliofuata. Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868, ndiyo maana kila tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Kwa hiyo hapo ndipo dunia ilipojua kwa mara ya kwanza kwamba mchangiaji ni nani ni jambo la kweli. Siyo jina lake wala sura yake. Kundi lake.

Lakini damu ilikuwa bado inaganda ikikaa. Mchangiaji alilazwa ubavuni mwa mgonjwa. Mwaka 1914 madaktari wa Ubelgiji na Argentina walianza kutumia chumvi iitwayo sitreti kuzuia isigande. Mwaka 1916 Rous na Turner, New York, wakaongeza sukari, na damu ikaweza kukaa kwenye baridi kwa majuma. Mwaka uliofuata, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, daktari Oswald Robertson akaanza kuweka akiba ya damu kwenye barafu kwa ajili ya majeruhi. Mwaka 1937 Bernard Fantus, katika hospitali ya Cook County mjini Chicago, akaanzisha akiba ya hospitali na kuipa jina tunalolitumia mpaka leo: benki ya damu.

Angalia kilichotokea hapo, mama. Zamani mgonjwa na mchangiaji walikuwa wanatazamana. Benki ilipoanza, mchangiaji akapotea machoni. Kikabaki kimfuko chenye namba. Na binadamu asipomwona mtu, anaanza kumtungia hadithi.

SEHEMU YA 3: Tulipouliza maswali ya kipuuzi

Hadithi ya kwanza ilikuwa rangi ya ngozi.

Kulikuwa na daktari Mmarekani mweusi, Charles Drew. Huyu ndiye aliyeongoza kazi kubwa ya kukusanya maji ya damu kwa ajili ya Uingereza mwaka 1940, Vita ya Pili ilipopamba moto. Alijua kuhifadhi damu kuliko karibu kila mtu duniani wakati ule. Lakini Marekani ilipoanza kuchukua damu kwa ajili ya jeshi lake mwaka 1941, Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo haukupokea damu ya watu weusi. Watu walipopiga kelele, mwaka 1942 ukakubali kuipokea, ila iwekwe mbali na ya wazungu. Drew alisema wazi kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa jambo hilo. Utaratibu huo wa kutenganisha uliendelea mpaka mwaka 1950, mwaka ule ule Drew alipofariki kwa ajali ya gari.

Usiwacheke Wamarekani peke yao. Sisi nasi wodini tunasikia. "Sitaki ya mtu wa dini ile." "Isiwe ya mlevi, mwanangu atarithi pombe." "Isije ikawa ya mzee, mtoto atachoka." "Akiwekewa ya mwanamke, kijana wangu atakuwa legelege." Nimeyasikia yote kwa masikio yangu, kuanzia Temeke mpaka Bunju.

Niseme mara moja: chembe nyekundu za damu hazibebi tabia. Chembe nyekundu iliyokomaa haina hata kiini, yaani haina ule mkoba wa kurithisha. Inabeba hewa ya oksijeni, inaishi takriban siku 120, inakufa, mwili unatengeneza nyingine. Damu uliyoongezewa leo, baada ya miezi minne hakuna chembe yake iliyobaki mwilini mwako. Umebaki na zako tu.

Kwa hiyo maswali yale ni ya kipuuzi. Lakini ngoja. Je, hiyo ina maana damu za watu wote hukaa sawa kwenye friji? Hapa ndipo nilipopata mshangao.

SEHEMU YA 4: Wafungwa wa Illinois na watoto wa Ziwa Viktoria

Kwanza tuelewe damu inafanyaje ikiwa kwenye friji. Inahifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6. Haiwekwi kwenye friza, na haiwekwi na chakula. Ndani ya mfuko kuna sukari ili chembe ziendelee "kula". Hata hivyo siku zinavyokwenda chembe zinachoka. Nguvu inapungua, umbo linaanza kuharibika, baadhi zinapasuka na kumwaga kilichomo. Ndiyo maana mfuko una tarehe ya mwisho. Mifuko ya aina inayotumika sana ni siku 35, na ipo yenye dawa ya ziada inayofika siku 42.

Mwanamke mmoja, Winifred Ashby, mwaka 1919 alionyesha kwamba inawezekana kufuatilia chembe za mtu mmoja zikiwa ndani ya mwili wa mwingine na kuhesabu zinakaa muda gani. Baadaye ikaja njia ya kuzitia alama kidogo ya mionzi. Kutokana na kazi za namna hiyo kukatokea kipimo kinachotumika mpaka leo: saa 24 baada ya kumwekea mtu damu iliyohifadhiwa, angalau asilimia 75 ya chembe zile ziwe bado zinazunguka mwilini.

Haya, sasa twende Illinois, Marekani, gereza la Stateville, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Madaktari walikuwa wanajaribu dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa wafungwa. Wafungwa walisemekana wamejitolea, ingawa leo tunajiuliza mtu aliyefungwa anajitoleaje kweli. Baadhi yao, hasa weusi, damu yao ilipasuka baada ya kumeza dawa. Je, tatizo ni mwili au ni chembe zenyewe? Mwaka 1954 daktari Raymond Dern na wenzake walichukua chembe za mtu mwenye tatizo, wakazitia alama, wakamwekea mtu asiye na tatizo, kisha wakampa dawa. Zile chembe za kigeni ndizo zilizopasuka. Kumbe kasoro ilikuwa ndani ya chembe, na ilisafiri nazo kwenda kwa mtu mwingine. Mwaka 1956 ikajulikana ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD.

Dern huyo huyo miaka ya 1960 aligeukia damu ya akiba. Akaona jambo ambalo halikupewa uzito kwa miaka mingi: damu za watu tofauti, zikiwekwa kwenye mifuko ile ile kwa siku zile zile, hazichakai sawa. Na tofauti hiyo kwa sehemu ni ya kurithi, inakwenda kwa ukoo.

Wakati Dern yuko Chicago, huku kwetu kulikuwa na kijana Anthony Allison. Alikulia Kenya, akasomea udaktari Uingereza. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akichukua sampuli za damu, akaona mtindo wa ajabu: alama ya selimundu ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na ilikuwa adimu nyanda za juu zenye baridi. Yaani ilikuwa nyingi palipo na malaria. Akapima watoto Uganda, akakusanya takwimu kutoka Kenya na Tanganyika, na mwaka 1954 akachapisha: mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Mwaka 1960 akaandika pia kuhusu upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki. Nao ulifuata malaria.

Na yeye hatumpitishi bila swali. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima waliojitolea huko Kenya, 30, nusu wana alama na nusu hawana. Leo kamati ya maadili ingemhoji sana.

Mama, unaona tunakoelekea? Malaria iliyotaka kuua watoto wa bibi zetu imeacha alama kwenye chembe nyekundu za watu wa pwani. Hapa Tanzania inakadiriwa asilimia 13 hadi 20 ya watu wana alama ya selimundu bila kuumwa, na watoto wapatao 11,000 kila mwaka huzaliwa na ugonjwa wenyewe. Watu hao wenye alama ni wazima. Wanabeba zege, wanacheza mpira, wanapanda bodaboda. Na wanachangia damu.

SEHEMU YA 5: Kumbe "ya nani" ni swali la kweli

Miaka ya karibuni Marekani walifanya utafiti mkubwa. Walichukua damu ya wachangiaji zaidi ya 10,000, wakaihifadhi, wakahesabu kiasi gani kinapasuka. Matokeo yalianza kutoka mwaka 2017. Nitayaeleza kwa lugha ya jikoni.

Jinsia: damu ya wanawake ilistahimili friji vizuri kuliko ya wanaume. Ndiyo, umesoma sawa. Yule bibi aliyesema ya mwanamke ni legelege, mwonyesheni posti hii. Homoni ya kiume inahusika katika tofauti hiyo.

Umri na asili ya mtu: navyo vina mchango, kwa sababu ya vinasaba.

G6PD: mwaka 2020 kundi la New York lilitoa majibu ya jaribio la moja kwa moja. Damu ya wanaume wenye upungufu huo na ya wasio nao ilihifadhiwa siku 42, kisha kila mmoja akarudishiwa chembe zake. Baada ya saa 24, kwa wasio na upungufu zilibaki wastani wa asilimia 85.3. Kwa wenye upungufu, 78.5. Bado ni juu ya 75 kwa wastani, lakini pungufu.

Selimundu: kwenye maabara, damu ya mwenye alama huonekana kupasuka zaidi ikihifadhiwa, na wakati mwingine huziba chujio la kutolea chembe nyeupe.

Madini ya chuma: hapa nilidhani najua jibu. Mchangiaji mwenye upungufu wa chuma si damu yake itakuwa dhaifu? Watafiti wa New York walichukua wachangiaji wenye upungufu wa chuma, nusu wakawapa chuma na nusu hawakuwapa, kisha wakapima damu yao iliyohifadhiwa. Mwaka 2022 wakatoa majibu: hakukuwa na tofauti ya maana. Mwili unapunguza idadi ya chembe, lakini zile zinazopita kizingiti cha kuchangia zinakaa vizuri.

Ujauzito: mwaka 2017 utafiti wa Uholanzi uliwatisha watu. Ulidai wanaume wanaopewa damu ya wanawake waliowahi kushika mimba hufa zaidi. Hebu fikiria, mama wa watoto wanne unasikia hivyo, utachangia tena? Lakini mwaka 2019 ukatoka utafiti wenye wagonjwa zaidi ya milioni moja, haukuona uhusiano huo. Na mwaka 2023 Canada wakamaliza kazi: wagonjwa 8,719 waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa damu ya wanaume, hawa ya wanawake. Walioishi na waliofariki hawakutofautiana kwa maana yoyote.

Jamani, hilo la mwisho lishikeni. Kwenye chupa ya maabara, damu ya wanawake ilishinda. Kwenye karatasi za hospitali, mtu akadai imeshindwa. Walipojaribu kwa haki, ikawa sawa. Kinachoonekana kwenye darubini si lazima kimfikie mgonjwa kitandani.

SEHEMU YA 6: Watoto 290 wa Mulago

Sasa swali la siku. Huyu mama wa Mbagala na siku zake 26.

Jibu zuri kuliko yote sikulipata Ulaya. Nililipata Kampala, hospitali ya Mulago. Daktari Aggrey Dhabangi na wenzake waliuliza swali lile lile la yule mama. Kuanzia Februari 2013 hadi Mei 2015 waliingiza kwenye utafiti watoto 290 wa umri wa miezi 6 hadi 60. Hawakuwa watoto wa mafua. Walikuwa na kipimo cha damu 5 au chini yake, na damu imejaa asidi kwa sababu mwili unakosa oksijeni. Wengi kwa sababu ya malaria, wengine kwa selimundu. Yaani watoto wale wale ninaowapokea mimi.

Nusu wakapewa damu ya siku 1 hadi 10. Nusu wakapewa ya siku 25 hadi 35. Wakapima ile asidi, maana ikishuka ujue oksijeni imefika. Baada ya saa 8, waliofikia kiwango kizuri walikuwa asilimia 58 kwa damu mbichi na asilimia 61 kwa damu ya siku nyingi. Damu ya siku nyingi haikuwa duni. Majibu yalichapishwa Desemba 2015.

Nilisoma nikaweka simu chini. Siku 26 za yule mtoto ziko ndani ya kundi la pili.

Canada nao walikuwa wamejaribu kwa watoto njiti 377, majibu mwaka 2012: mbichi haikuwapa nafuu zaidi. Nisiseme kupita kiasi. Kuna hali daktari ataomba damu mbichi makusudi, kwa mfano mtoto mchanga mwenye manjano kali anayebadilishiwa damu yote. Na ndiyo maana kwa mtoto kama huyo na kwa mgonjwa wa selimundu, kwenye vituo vyenye uwezo, hukwepa damu ya mchangiaji mwenye alama ya selimundu au upungufu wa G6PD. Hapo "ya nani" ina uzito wake. Lakini kwa mtoto wa malaria mwenye kipimo cha 3.8, siku 26 si tatizo. Tatizo ni zile dakika 40 tulizobishana.

Damu si maziwa. Maziwa yakianza kuharibika yanaharibika yote, na utakunywa ugonjwa. Damu iliyokaa kwenye baridi sahihi inapoteza chembe chache chache, na zilizobaki zikiingia mwilini zinarudisha nguvu zake na kufanya kazi.

SEHEMU YA 7: Hofu yetu ilitoka wapi, na sasa tufanye nini

Nataka niwe mkweli kuhusu hofu yetu. Haikutoka hewani.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kipimo cha kuangalia virusi kwenye damu kilianza kupatikana duniani mwaka 1985. Katikati ya hapo, na hata baadaye kabla vipimo havijaenea, damu yenyewe ilikuwa hatari. Hospitali kila moja ilijitegemea: ndugu wanaitwa, anatafutwa mwenye kundi, anatolewa. Familia zilijifunza kitu kimoja: mwamini ndugu yako, usimwamini usiyemjua. Wazazi wetu hawakuwa wajinga. Waliishi wakati ule.

Mwaka 2004 nchi ikaanza kujenga Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi. Vikajengwa vituo vya kanda. Chetu cha Kanda ya Mashariki kiko Mchikichini, Ilala. Wazo lilikuwa kugeuza mambo: damu itoke kwa wanaojitolea, ipimwe mapema, ikusubiri wewe badala ya wewe kuisubiri. Kila mfuko unapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Na damu haiuzwi. Mtu akikuomba hela ya damu, huyo ni mwizi.

Sasa kuhusu baba aliyekuwa nje, mzima, hanywi, havuti. Kwa nini hatukumtoa yeye tukampa mwanawe papo hapo? Sababu tatu, na zote laiti ningempa mama usiku ule:

Moja, kupima kunachukua saa kadhaa. Mtoto hana saa kadhaa.

Mbili, ndugu wa karibu wanafanana mno. Chembe nyeupe za baba zinaweza kujificha ndani ya mwili wa mtoto, mwili usizitambue kuwa ni wageni, halafu zikaanza kuushambulia. Ni nadra, lakini likitokea huua. Kwa hiyo "ya baba" wakati mwingine ina hatari kuliko ya mgeni.

Tatu, na hii ni ya wenye ndoa: mume kumchangia mke moja kwa moja haishauriwi kama bado mnatafuta watoto. Mwili wa mke unaweza kutengeneza askari dhidi ya damu ya mume, na baadaye wakamshambulia mtoto tumboni, kwa sababu mtoto amerithi kwa baba.

Baba achangie, tena sana. Lakini damu yake iende benki, imsaidie mtoto wa mwingine, na ya mwingine imsaidie wake.

Vigezo ni rahisi: umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, damu ya kutosha. Mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wapumzike, zamu yenu itafika. Nchi yetu kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 61, na kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha uniti 10 kwa kila watu 1,000, tunahitaji zaidi ya uniti 600,000 kwa mwaka. Mkienda kwa hiari, mimi sitalazimika kuwafukuza ndugu zenu usiku wa manane wakatafute mtu.

Na kwa kuwa tumeongelea G6PD: mtoto wako akipata manjano siku za kwanza, au mkojo wake ukawa na rangi ya kokakola baada ya dawa au homa, mlete haraka na mwulize daktari kuhusu kipimo hicho. Na nguo za mtoto mchanga usizihifadhi na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, harufu na unga wake vinaweza kupasua damu.

Nimalizie nilipoanzia. Kama miezi sita baada ya usiku ule nilikutana na yule mama Tandika sokoni, mtoto mgongoni, mnene. Akanitania, "Nesi, damu yako ya siku 26 imemfanya mtundu." Nikacheka, nikamwambia nimeshapata majibu ya maswali yake. Tukasimama pembeni ya meza ya nyanya nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: wa Mulago, wa Canada, baba na chembe zake nyeupe. Akasikiliza mpaka mwisho.

Halafu akauliza, "Sasa ile ya siku 26, mwenyewe ni nani?"

Nikamwambia sijui, mama. Sitajua kamwe. Ni mtu mmoja tu aliyekaa kwenye kiti siku 26 kabla mwanao hajaumwa, akanyoosha mkono.

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza Mchikichini wanafungua saa ngapi.